Kufanya kazi huku ukihama nchi: yanayosemwa na yalivyo

Ushauri mwingi kuhusu uhamaji wa kidijitali, yaani kufanya kazi ya mtandaoni huku ukihama mji hadi mji, umeandikwa na watu wenye pasipoti za Ujerumani au Canada. Wanalipwa kwa euro au dola, na wakiondoka nyumbani hakuna mdogo wao anayesubiri ada ya shule. Hesabu zao zinawafaa wao. Mtu wa Nairobi, Mwanza au Kampala akizinakili kama zilivyo, anafika uwanja wa ndege na hesabu ya mtu mwingine. Zifuatazo ni dhana zinazowaponza watu wa kwetu mara nyingi wanapofikiria kuanza maisha haya, na hali ilivyo kweli.

“Ukiwa na laptopu na intaneti, dunia nzima ni ofisi yako”

Kabla ya laptopu kuna pasipoti. Mjerumani anaamka Jumatatu, anakata tiketi, Jumatano yuko Tbilisi, Georgia. Mkenya au Mtanzania anayetaka kwenda Ulaya ya Schengen, yaani kundi la nchi zinazotumia viza moja, anaanza na miadi ya ubalozi, taarifa za benki, bima ya safari ya angalau euro 30,000, na ada ya viza ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90. Ukinyimwa, ada hairudi. Ukipewa, kikomo ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na nchi zote za Schengen zinahesabiwa kama moja: kutoka Ufaransa kuingia Uhispania hakuanzishi hesabu upya.

Viza maalumu za wahamaji wa kidijitali zipo, tena nyingi. Estonia ilikuwa ya mwanzo mwanzo, Agosti 2020, na inataka uthibitishe kipato cha euro 4,500 kwa mwezi kabla ya kodi. Ureno ilifuata Oktoba 2022, nayo inataka mara nne ya mshahara wake wa chini. Indonesia, ambayo picha za Bali zimewavuta wengi, inataka dola 60,000 kwa mwaka. Thailand haiangalii sana mshahara: inataka uonyeshe akiba ya baht 500,000, ingawa nayo inadai ushahidi wa kazi yenyewe. Ukiyaweka masharti haya kando ya kipato chako, huenda uamuzi ukafanyika hapo hapo, bila kusoma zaidi.

Afrika ina milango myepesi kidogo. Viza ya Mauritius ya kukaa mwaka mmoja haina ada na kigezo chake ni dola 1,500 kwa mwezi, kama shilingi 195,000 za Kenya kwa kiwango cha 130. Namibia ilianza Oktoba 2022 kwa dola 2,000 kwa mwezi, na inakupa miezi sita. Cabo Verde inatajwa sana kwenye orodha hizi, lakini mpango wake uliwekwa kwa watu wa Ulaya, Amerika Kaskazini, nchi zinazozungumza Kireno na Afrika Magharibi, sisi hatumo. Kwa hiyo kila viza, kabla ya kusoma masharti yake, soma kwanza orodha ya uraia unaoruhusiwa. Na kumbuka kwamba kipato hakikubaliwi kwa maneno. Wanataka taarifa ya benki ya miezi mitatu hadi sita, na mkataba au barua ya mwajiri. Mtu anayepokea malipo yake kwa simu, leo kidogo kesho kidogo, anaweza kuwa na pesa za kutosha na bado akashindwa kuzionyesha. Anza kupitisha mapato yote kwenye akaunti moja ya benki nusu mwaka kabla ya kuomba.

“Viza ya utalii inatosha, nani atajua nafanya kazi?”

Katika nchi nyingi, kibali cha mgeni hakiruhusu kazi, na sheria nyingi ziliandikwa kabla mtu hajafikiria kwamba mgeni anaweza kukaa chumbani Diani akifanya kazi ya kampuni ya Toronto. Wengine wanaishi ndani ya ukungu huo miaka na miaka. Tatizo huanza dirishani, afisa anapouliza umekuja kufanya nini na wewe ukajibu kwa furaha, “Kufanya kazi.” Hapo umejifungia mlango mwenyewe.

Uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao unaeleweka vibaya. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Lakini kuingia bila viza ni jambo moja, kufanya kazi ni jambo jingine, na kibali cha kazi bado kinahitajika. Usijipe moyo kwamba kazi ya mtandaoni ikikauka utaegemea kabiashara kadogo hapo hapo ulipo: Julai 2025 Tanzania iliwapiga marufuku wasio raia kufanya orodha ndefu ya biashara ndogo, zikiwemo uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu na kuongoza watalii.

Jambo dogo linalosahaulika: soma muhuri kabla hujaondoka dirishani. Siku zilizoandikwa pale ndizo zako, hata kama ulisoma mahali kwamba unaruhusiwa zaidi. Na kadi ya homa ya manjano ibaki ndani ya pasipoti, si nyumbani kabatini.

Kama umeajiriwa, kuna mlango wa pili wa kubisha: mwajiri. Kampuni nyingi zinazoruhusu kazi ya nyumbani zinamaanisha nyumba yako, katika nchi iliyoandikwa kwenye mkataba. Mfanyakazi akikaa muda mrefu nchi nyingine anaweza kuiletea kampuni madai ya kodi huko, na data za wateja huenda haziruhusiwi kufunguliwa nje. Mifumo ya usalama huona umeingilia wapi. Omba ruhusa kwa maandishi, utaje nchi na tarehe.

“Nikikaa chini ya siku 183 kila nchi, sidaiwi kodi popote”

Kwa Kiswahili cha Tanzania neno kodi linabeba mzigo wa nyumba na wa serikali pia, na mhamaji anaweza kujikuta anadaiwa zote mbili sehemu mbili. Dhana ya siku 183 ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayouma.

Kenya na Tanzania zina vipimo vinavyofanana vya ukaazi wa kikodi. Cha kwanza: kama una makao ya kudumu nchini na ulikuwepo sehemu yoyote ya mwaka, wewe ni mkaazi. Siku moja inatosha. Chumba ulichoacha kimefungwa Buruburu, Nairobi, na vyombo vyako ndani kinaweza kuhesabiwa. Cha pili ni hizo siku 183. Cha tatu ndicho wengi hawajawahi kukisikia: wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huu na miwili iliyotangulia. Chukua mtu aliyekuwa nyumbani siku 140 mwaka wa kwanza, 130 wa pili, 110 wa tatu. Hakuna mwaka hata mmoja alipofika 183. Jumla ni 380, gawanya kwa tatu, upate 126 na ushei. Mwaka wa tatu ni mkaazi.

Ukiwa mkaazi, Tanzania inahesabu mapato yako ya duniani kote. Kenya inatoza mshahara wa mkaazi hata kama kazi imefanyikia nje. Wakati huo huo nchi uliyohamia nayo inaweza kukuhesabu mkaazi wake: viza ya Ureno, kwa mfano, ni nzuri mpaka upitishe siku 183 kule, ambapo mamlaka yao ya kodi inakuchukua pia. Mikataba ya kuepuka kutozwa mara mbili ipo kati ya baadhi ya nchi tu, na haijitekelezi. Lazima uwe na hati ya kuonyesha ulicholipa na wapi.

Kwa hiyo weka daftari au jedwali lenye safu tatu: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, nchi. Piga picha kila muhuri. Mkenya awasilishe ritani ya kodi kabla ya Juni 30 hata akiwa mbali, kwa sababu faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ipi iliyo kubwa. Kama mapato yanatoka nchi mbili au zaidi, saa moja ya mhasibu anayejua mambo haya ni nafuu kuliko barua ya mamlaka miaka mitatu baadaye.

“Nitafanyia kazi ufukweni”

Hakuna anayefanyia kazi ufukweni zaidi ya muda wa kupiga picha. Kioo cha laptopu ya kawaida hakishindani na jua la Jambiani saa sita mchana. Utaona uso wako mwenyewe. Mashine ikipata joto inajipunguzia kasi ili isiungue, kwa hiyo hata kufungua jedwali kubwa kunakuwa kazi. Kisha kuna mchanga mwembamba unaoingia kwenye tundu la chaji na kukataa kutoka, na hewa ya chumvi ambayo feni huivuta ndani ikala viunganishi polepole. Ukikaa pwani miezi, fanyia kazi chumba cha ndani, funika mashine usiku, na usiiache dirishani upande wa bahari. Ufukweni uende jioni, ukiwa mikono mitupu.

“Siku hizi intaneti ipo kila mahali”

Ipo, lakini swali ni ya namna gani, saa ngapi, na umeme ukikatika inakuwaje.

Mwenye nyumba atakuambia waifai ni ya kasi. Usibishane naye, mwombe akutumie picha ya kipimo cha kasi kilichopigwa saa mbili usiku, wakati majirani wote wanatazama video. Angalia namba ya kupandisha (upload) kwanza, kwa sababu ya kushusha (download) huwa kubwa mara nyingi na ndiyo wanayoipigia debe. Kupandisha Mbps 5 kunatosha mkutano wa video bila wasiwasi, chini ya Mbps 2 utakuwa mtu wa “samahani, mnanisikia?” Kama kucheleweshwa kwa mawimbi, ile namba ya milisekunde, kunapita 200, mtakatizana maneno hata kama kasi ni kubwa.

Usipange kutegemea waifai peke yake. Mkutano wa video hula kwa makadirio GB 1 kwa saa. Mwenye mikutano ya saa 10 kwa wiki anahitaji bando la GB 40 kwa mwezi kwa mikutano tu, kabla ya mafaili. Nunua laini ya mtandao tofauti na ule unaoleta waifai ya nyumba, la sivyo mnara ukianguka vyote vinalala pamoja.

Umeme nao. Betri ya akiba ya mAh 20,000 ina nishati ya Wh 74, yaani wati-saa (zidisha mAh kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000). Toa zinazopotea njiani, zinabaki kama 60. Laptopu inayokula wati 15 wakati wa kuandika itapata saa nne. Kwenye mkutano wa video, inapokula 30, saa mbili. Usinunue inayozidi Wh 100, yaani kama mAh 27,000, kwani ndicho kikomo cha kawaida cha kupanda nayo ndege, tena kwenye begi la mkononi. Nyumba za wageni nyingi zina jenereta, na kosa la kawaida ni kwamba jenereta imeunganishwa na taa na friji, ruta ikasahauliwa. Uliza swali hilo moja: “Umeme ukikatika, waifai inabaki?” Ukipanga nyumba yako, hakikisha unajua namba ya mita ya umeme wa kulipia kabla siku ya kwanza, LUKU Tanzania bara au Tukuza Zanzibar, kwa sababu uniti zitakuishia katikati ya kikao.

Kuna pia yaliyo nje ya uwezo wa mwenye nyumba. Unguja hupata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka bara, na hitilafu ya Desemba 2009 iliacha kisiwa gizani kwa miezi mitatu. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, intaneti ikadorora Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko kwa pamoja. Uganda ilizima intaneti nchi nzima wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, Tanzania ikafanya hivyo Oktoba 2025. Kalenda ya uchaguzi ya nchi unayokwenda ni sehemu ya maandalizi yako, sawa na msimu wa mvua. Na kama mwajiri anakutaka uingie kwa VPN, yaani njia ya faragha ya kuunganisha mtandao, fahamu kwamba Tanzania tangu 2023 inataka matumizi ya VPN yasajiliwe kwa mamlaka ya mawasiliano. Anayefikiria Dubai ajue kwamba simu za WhatsApp zimezuiwa kule, kwa hiyo kama mteja wako amezoea kukupigia kwa WhatsApp, hamieni jukwaa jingine mapema.

“Nitapanga saa zangu mwenyewe”

Saa hupangwa na mteja. Mwenye mteja wa London ana bahati: siku ya kazi ya kule ni kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa moja mapema zaidi wakati wa kiangazi. New York ni saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku. San Francisco ni saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri, na hayo si maisha ya kuona nchi. Ni kazi ya mlinzi wa usiku yenye kiyoyozi. Ukienda Bali, saa tano mbele yetu, hata wa London anakupeleka usiku wa manane.

Marekani hubadili saa Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wiki zilizo katikati ndizo watu hukosa vikao. Na ukiandika miadi na mteja asiye wa kwetu, usiandike kwa saa za Kiswahili kichwani: “saa tatu” yako ni 9:00, na kosa hili limewakuta hata wazoefu.

“Kule maisha ni rahisi”

Ni rahisi kwa anayekaa mwaka. Mgeni wa mwezi mmoja analipa bei ya mgeni. Tanzania mwenye nyumba wa kawaida anataka kodi ya miezi mitatu, sita, au mwaka kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Kwa hiyo wa muda mfupi anaishia kwenye chumba chenye samani kinachouzwa kwa usiku. Tuseme ni dola 25: hizo ni 750 kwa mwezi, na wakati huo huo bado unalipia nyumba uliyoacha. Pwani na Zanzibar bei hupanda Juni hadi Oktoba na tena kuanzia Desemba. Hushuka Aprili na Mei kwa sababu ni masika, njia zimejaa maji na mikahawa mingine imefungwa.

Kwenye bajeti ongeza mstari ambao waandishi wa Ulaya hawauweki: michango. Harusi na misiba haitakusubiri urudi, na ukiwa umepiga picha ufukweni Paje, Zanzibar, kila mtu nyumbani anaamini unazo. Weka pembeni nauli ya kurudi ghafla, kwa bei ya siku hiyo hiyo ambayo huwa ghali, na usiiguse. Bima ya afya ya nyumbani kwa kawaida inaishia mpakani.

“Pesa zitaingia tu”

Jaribu njia ya malipo kabla ya kuondoka. PayPal kwa miaka mingi imemruhusu mwenye akaunti ya Tanzania kulipa lakini si kupokea, huku Mkenya akiweza kuzitoa kwa M-Pesa tangu 2018. Fiverr, soko la kazi za mtandaoni, hukata asilimia 20: kazi ya dola 100 ni 80, kabla ya ada ya kutoa na tofauti ya kiwango cha kubadilishia. Kisha kuna kile kinamba cha siri ambacho benki hutuma kwa SMS kwenye laini ya nyumbani. Laini ikiwa haina huduma ya nje ya nchi, umefungiwa nje ya pesa zako mwenyewe. Iwashe ukiwa bado nyumbani, iwekee vocha mara kwa mara isije ikafungwa, na kadi ya pili ikae begi jingine.

“Ili ujue kama inakufaa, lazima uache kila kitu”

Fanya jaribio la wiki sita, mahali pasipo mbali sana. Mtanzania aende Kigali au Nairobi, Mkenya aende Arusha au Cape Town, ambako tangu Januari 2023 anaruhusiwa siku 90 kwa mwaka bila viza. Usiuze kitanda wala kurudisha nyumba. Usichukue likizo pia. Wiki sita za likizo hazipimi lolote. Kaa sehemu mbili, wiki tatu tatu, kwa sababu gharama halisi ya uhamaji iko kwenye siku ya kuhama: kufungasha, basi, kutafuta meza, kupima intaneti upya. Andika kila siku saa ulizofanya kazi kweli na kila shilingi iliyotoka.

Mwisho linganisha na wiki sita zilizotangulia. Tazama mapato, na tazama siku ambazo hukuweza kufanya kazi, ukiandika sababu ya kila moja. Zikiwa za umeme na mtandao, hilo linatengenezwa kwa vifaa na kuchagua nyumba vizuri. Zikiwa za usingizi, tatizo ni mteja na saa zake. Zikiwa siku ulizokaa umeitazama kompyuta bila kufanya lolote kwa sababu hukuwa umezungumza na mtu ana kwa ana tangu Ijumaa, betri kubwa zaidi haitasaidia; jaribu tena ukiwa na mwenzako, au miezi mitatu mji mmoja.